Mwimbaji Aliyekosa Mdhamini

Natumaini mmekwisha kukaa darasani, daftari mkononi. Leo tutazungumza juu ya televisheni ya Marekani, na hasa yale matangazo ya biashara ambayo hukatiza kipindi pale pale kinapoanza kunoga. Wengi huyadharau. Lakini mtu akiyachunguza ataona ndani yake habari nyingi za watu na rangi zao.

Kwanza tuelewe jambo moja, maana bila hilo somo lote litatupotea. Katika miaka ya 1950, Mmarekani aliyetazama televisheni nyumbani kwake hakulipia kipindi. Aliyelipa ni mwenye kiwanda cha sabuni, cha sigara au cha motokaa, na bidhaa zake zikatangazwa. Huyo aliitwa mdhamini. Mwalimu, tafadhali andika neno hilo ubaoni: m-dha-mi-ni. Kipindi kisicho na mdhamini, hata kiwe kizuri namna gani, hakikudumu.

Basi, alikuwapo mwimbaji mmoja mweusi, jina lake Nat King Cole. Alizaliwa mwaka wa 1919 katika jimbo la Alabama, akakulia Chicago. Sauti yake ilikuwa laini, ya taratibu, na santuri zake zilinunuliwa na weusi kwa weupe. Mwezi wa Aprili 1956, alipokuwa akiimba mbele ya Wazungu watupu mjini Birmingham, Alabama, watu weupe walimrukia jukwaani wakamwangusha chini. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, shirika la NBC likampa kipindi chake mwenyewe. Kilianza tarehe 5, dakika 15 kila Jumatatu jioni.

Mwezi wa Julai 1957 kipindi kiliongezwa kikawa nusu saa. Waimbaji mashuhuri, kama vile Ella Fitzgerald, Harry Belafonte na Peggy Lee, walikuja kuimba naye kwa ujira mdogo kuliko desturi yao, ili kumpunguzia gharama. Katika miji kadhaa walipatikana wafanya biashara wa pale pale, kama kampuni ya bia ya Rheingold huko New York. Lakini mdhamini wa nchi nzima hakutokea hata mmoja.

Kwa nini? Wenye viwanda waliogopa. Walihofu kwamba bidhaa yao ikionekana kando ya mtu mweusi, Wazungu wa majimbo ya Kusini, ambako sheria ziliwatenga watu kwa rangi, wangeacha kuinunua. Mimi naona woga huu ulikuwa wa kudhani zaidi kuliko wa hesabu. Maana tangu mwaka wa 1947 kampuni ya Pepsi-Cola ilikuwa imemwajiri Edward Boyd, mtu mweusi, aongoze kundi la wauzaji weusi, nao wakazunguka nchi wakiwauzia weusi wenzao soda, na mauzo yakapanda. Pesa za watu weusi zilipokelewa vizuri. Nyuso zao ndizo zilizokataliwa.

NBC ilibeba gharama kwa muda wa mwaka na zaidi. Mwisho Cole alichoka, na kipindi chake cha mwisho kilitoka tarehe 17 Desemba 1957. Hakuilaumu NBC. Aliwalaumu watu wa Madison Avenue, mtaa wa New York wenye ofisi za watengenezaji wa matangazo, akasema kwamba watu wale wanaogopa giza. Mnaona alivyolichagua neno hilo.

Mambo yalianza kugeuka mwaka wa 1963, nayo hayakugeuka yenyewe. Vyama vya kutetea haki za watu weusi, kama NAACP na CORE, vilikwenda kwa makampuni makubwa na kudai. Mwaka huo Lever Brothers (jina si geni kwetu, ndilo la wenye sabuni ya Sunlight) walionyesha tangazo la sabuni ya Wisk ambamo mtoto mweusi alicheza na wenzake weupe. Cole aliwahi kuyaona mabadiliko hayo ya kwanza; alifariki mwaka wa 1965.

Mwaka wa 1971 kipindi cha muziki cha Soul Train, kilichoanzia Chicago, kilianza kuonyeshwa katika miji mingi ya Marekani. Safari hii mdhamini alikuwapo: kampuni ya George E. Johnson, mtu mweusi aliyetengeneza mafuta ya nywele ya Afro Sheen. Kipindi hicho kiliendelea mpaka mwaka 2006.

Je, woga ulikwisha? Mwaka wa 2013 kampuni ya General Mills ilitangaza Cheerios, nafaka za kula asubuhi kwa maziwa, kwa kuonyesha mama mweupe, baba mweusi na binti yao mdogo. Watu waliandika matusi mengi kwenye intaneti hata kampuni ikafunga mahali pa kuandikia maoni. Lakini tangazo haikuliondoa. Mwaka wa 2014 iliwarudisha watu wale wale watatu katika Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, saa ambayo nafasi moja ya tangazo huuzwa kwa mamilioni ya dola. Baba anapanga punje za nafaka mezani: huyu baba, huyu mama, huyu wewe, na huyu mdogo wako anayekuja. Binti anafikiri kidogo, kisha anaongeza punje moja. Anataka na mtoto wa mbwa.

Kwaherini mpaka juma lijalo.