Meli ya Enigma iliyopita Kilindini

Wadau, sisi watu wa kompyuta tukisimulia habari za Enigma huishia Bletchley Park. Leo niko nyumbani Mbooni, na nimeona niiendeleze hadithi hiyo mpaka Kilindini.

Oktoba 30, 1942, karibu na Misri, mabaharia wa Petard, manowari ndogo ya Uingereza, waliogelea hadi U-559, nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikizama. Wawili, Fasson na Grazier, walizama nayo. Vitabu vya siri walivyovitoa viliwawezesha wataalamu, mwezi Desemba, kusoma tena ujumbe wa nyambizi za Atlantiki baada ya miezi kumi ya giza.

Februari 1944, Petard hiyo hiyo ililinda msafara wa meli tano zilizotoka Kilindini kwenda Colombo. Moja, Khedive Ismail, ilibeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi.

I-27 ikawa chini ya manusura waliokuwa wakielea. Petard na mwenzake Paladin walitupa mabomu ya majini papo hapo, yakawaua baadhi yao. Nyambizi ilizamishwa. Kwa jumla walikufa watu 1,297, zaidi ya 600 wakiwa askari wetu.

Wakamba walikuwa wengi jeshini zama hizo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma kuhusu Enigma, waulize wazee wako ni nani alipanda meli Kilindini asirudi.