Spika ya kuchaji kwa shughuli ndogo Masasi na Newala: Angalia haya kabla hujatoa hela

Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida kuanzia Oktoba, hela inaingia vijijini kupitia vyama vya ushirika kama MAMCU na TANECU. Shughuli nazo zinafuata: harusi, ngoma, kumtoa mwali, kwaya, maulidi. Kwa mwimbaji, mpiga gitaa au MC mwenye spika yake, hiyo ndiyo miezi ya kutengeneza kipato. Ukikosea kununua, hela ya korosho imekwenda na hela nyingine ni mpaka msimu ujao.

Kosa kubwa ni kununua spika ya disko ukidhani itafanya kazi ya muziki wa kuimba mubashara. Spika ya disko imetengenezwa icheze nyimbo zilizokwisha kurekodiwa: besi nzito, taa zinawaka. Wewe unataka maneno ya mwimbaji yasikike kwa mtu wa nyuma kabisa.

1. Jua kinachohitaji spika

Kwenye sindimba, ngoma zenyewe hazihitaji msaada. Zikishawambwa na kupashwa moto, zinasikika mbali. Kinachopotea ni sauti ya anayeongoza wimbo. Kwa hiyo kundi la ngoma linahitaji spika yenye sauti safi ya kati, hata kama besi yake ni ndogo.

Kwaya yenye kibodi, au mtu mmoja na gitaa, inahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu ala na sauti zote zinapita kwenye spika. MC wa harusi anahitaji maiki pamoja na nyimbo za kwenye simu.

Kama ni shughuli ya jando au unyago, ongea kwanza na nyakanga na wazee. Kuna nyimbo za hadharani, na kuna zisizotakiwa kusikika nje ya waliohusika.

2. Usidanganyike na wati za kwenye boksi

Unakuta spika ndogo imeandikwa wati 5,000 PMPO. Namba hiyo ni ya kuuzia. Tafuta iliyoandikwa RMS, ambayo inaonyesha nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Kama RMS haipo popote, linganisha kwa masikio, siyo kwa boksi.

Hata hizo wati za kweli zina mipaka. Kutoka wati 50 kwenda 100, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Lakini uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6. Aliyeko mita 16 anapokea pungufu ya desibeli 18 kuliko aliyeko mita 2.

Ndiyo maana stendi ina faida kuliko wati. Spika ikiwa chini, watu wa mbele wanaizuia kwa miili yao. Ikipandishwa juu ya vichwa, sauti ileile inafika nyuma. Angalia kama ina tundu la stendi kwa chini. Pale Newala ukingoni mwa uwanda, penye upepo, ielekeze kule upepo unakoelekea.

3. Piga hesabu ya betri

Spika nyingi za magurudumu zinazouzwa mtaani zina betri ya asidi ya volti 12. Chukua mfano wa betri ya Ah 7: 12 mara 7 ni wati-saa 84. Spika ikitumia wastani wa wati 20, ni kama saa 4. Ukifungulia sauti mpaka inatumia wati 40, ni kama saa 2. Na betri ya asidi haipendi kumalizwa kabisa, kwa hiyo panga kutumia nusu yake.

Betri ya lithiamu ni nyepesi na inavumilia kutumika karibu yote, ila spika zake huwa za bei ya juu. Muuzaji akikuambia "saa 12", elewa kwamba ni kwa sauti ya wastani. Kwa shughuli ya saa 4, tafuta iliyoandikwa angalau saa 8.

Uliza pia maswali mawili. Betri inabadilishika? Ina tundu la kuingiza umeme wa volti 12 kutoka nje? Umeme ukikatika au shambani hakuna umeme, betri ya gari au ya sola inaweza kukuokoa. Hakikisha chanya na hasi havijapishana, la sivyo unaunguza spika.

4. Hesabu matundu

Spika ya kazi iwe na angalau matundu mawili ya maiki au ala, kila moja na kitufe chake cha sauti. Ukiwa na kitufe kimoja kwa vyote, ukiongeza gitaa na maiki inapanda. Kitufe cha besi na cha sauti kali ni muhimu. Eko ni nyongeza.

Bluetooth itumie kwa nyimbo za simu tu. Huchelewesha sauti kidogo, na kucheleweshwa huko kunatosha kumpoteza mwimbaji au mpiga kibodi. Maiki na ala zipite kwenye waya. Maiki zisizo na waya zinazokuja na spika za bei nafuu hukatikakatika watu wakijaa, basi uwe na maiki ya waya ya akiba.

5. Uzito na vumbi

Usafiri ni bodaboda, na barabara nyingi za vijijini ni za vumbi. Spika ya kilo 8 unaifunga nyuma vizuri. Ya kilo 25 inahitaji bajaji au gari, na nauli hiyo inakula malipo yako. Magurudumu madogo ya plastiki hayafai kwenye mchanga. Angalia vishikio kwanza. Shona mfuko wa turubai, utakukinga na vumbi na mvua.

6. Mifano ya kulinganishia

Hata kama huwezi kuzinunua, spika hizi zinakuonyesha kipimo. Bose S1 Pro ina kilo kama 7 na betri ya hadi saa 11. JBL EON One Compact ina kilo 8, hadi saa 12, na betri yake inachomolewa. Roland CUBE Street EX ina wati 50 na inatumia betri 8 ndogo za AA, zile za dukani. JBL PartyBox 110 ina wati 160 na tundu la maiki na la gitaa, lakini imetengenezwa zaidi kwa sherehe.

7. Jaribio la dukani

Nenda na maiki yako na mwenzako mmoja. Itoe spika nje ya duka.

Imba, usicheze wimbo wa simu. Mwenzako asimame hatua 20. Akielewa kila neno, vizuri. Akisikia mvumo bila maneno, iache.

Panda sauti taratibu mpaka karibu na mwisho. Ikianza kukwaruza nusu ya njia, wati zake ni za kwenye boksi.

Simama nyuma ya spika na maiki. Ikipiga mluzi hata ukiwa nyuma, itakusumbua kila shughuli.

Iache iimbe kwa betri nusu saa. Kipimo cha betri kikishuka haraka, huenda imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa. Omba risiti na warantii ya maandishi.

8. Kibali na majirani

Ngoma ya usiku inahitaji kibali, anzia kwa mtendaji. Nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC inazisimamia. Spika safi ina faida hapa pia: maneno yakisikika vizuri, huhitaji kuifungulia mpaka kijiji cha pili.

9. Msimu ukiisha

Hapa ndipo spika nyingi zinapofia. Inatumika mpaka Januari, inawekwa stoo betri ikiwa tupu, inatolewa Juni haiwaki. Betri ya asidi ikikaa tupu inaharibika yenyewe. Ichaji ijae kabla ya kuihifadhi, kisha irudishie chaji kila mwezi. Ya lithiamu ihifadhi ikiwa na nusu, uiangalie kila baada ya miezi michache. Weka mbali na bati la moto na panya, na waya zake zisikunjwe kwa nguvu.