Pikipiki Kuukuu Ifufuliwapo

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Na wahenga hao hao hawakuona haya kusema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu asimamaye mbele ya pikipiki kuukuu, spana mkononi, husikia sauti hizo mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza humwambia airudishe kama ilivyotoka kiwandani, asiongeze wala asipunguze. Ya pili humnong'oneza akate hapa, arefushe pale, aipake rangi impendezayo, iwe yake na si ya mwingine. Nakuomba, msomaji, tufuatane katika habari za pikipiki moja ya Kijapani, Honda CB750 iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, tupate kuona ni ipi kati ya sauti hizo yenye haki zaidi. Swali hili huonekana kuwa la mafundi wenye mikono ya grisi, walakini ni swali la wanahistoria pia.

Haitufai, hata hivyo, kuanza na mwaka 1969. Tuanze na chupa ya maji ya moto.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa nchi iliyoshindwa vitani. Miji mingi ilikuwa majivu, chakula kilikuwa haba, na magari ya moshi yalijaa watu hata madirishani. Katika mji wa Hamamatsu aliishi mtu aitwaye Soichiro Honda, aliyezaliwa mwaka 1906, mwana wa mhunzi ambaye pia alitengeneza baiskeli. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alikwenda Tokyo kujifunza ufundi katika karakana ya magari, na baadaye akawa na kiwanda chake cha kutengeneza ringi za pistoni. Mabomu ya vita na tetemeko la ardhi la mwaka 1945 vilikiharibu kiwanda hicho, naye akauza kilichosalia. Siku moja, nyumbani kwa rafiki yake, akaona injini ndogo iliyokuwa imeundwa ili kuzalisha umeme wa simu ya upepo ya jeshi. Jeshi lenyewe halikuwapo tena. Injini ilibaki kama mjane, haina kazi.

Honda akaichukua, akaifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta hakuwa nalo, basi akatwaa chupa ya maji ya moto, ile ambayo Wajapani huilaza kitandani ili kupasha miguu joto wakati wa baridi, akaifanya tangi. Hapo kwanza injini ilikaa mbele na kulisukuma gurudumu la mbele kwa kulisugua. Tairi likalika upesi mno, ikabidi nguvu ipelekwe nyuma kwa mkanda. Mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipanda barabarani. Alirudi suruali yake imeloa mafuta yaliyorushwa na kabureta, akamwambia mumewe kwamba wanunuzi hawatalivumilia jambo hilo. Kasoro ikatengenezwa. Nawahusudu mafundi waliojaliwa mkaguzi wa namna hiyo ndani ya nyumba.

Injini za jeshi zilizopatikana zilikuwa kama 500. Kila moja ilifunguliwa, ikasafishwa, ikaundwa upya na kujaribiwa kabla ya kuuzwa. Petroli ilikuwa ya mgao, na wengine waliichanganya na mafuta yaliyotolewa katika mizizi ya misonobari. Watu wakaziita baiskeli hizo bata-bata, kwa jinsi zilivyolia. Angalia, msomaji, jinsi masikio ya wanadamu yalivyo ndugu: sisi nasi tulipokiona chombo hiki hatukukiita kwa jina la aliyekiunda, bali kwa mlio wake, tukasema pikipiki. Injini zile zilipokwisha, Honda akaunda yake mwenyewe mwaka 1947, na mwaka uliofuata kampuni yake ikaandikishwa.

Yasidhaniwe kwamba Honda alikuwa peke yake. Mji huo huo wa Hamamatsu ulizaa kampuni nyingine mbili zijulikanazo duniani kote. Suzuki ilianza mwaka 1909 kwa kuunda mitambo ya kufumia nguo, na mwaka 1952 ikatoa injini ya kufungwa kwenye baiskeli. Yamaha ina asili ya ajabu zaidi: mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa atengeneze kinanda kilichoharibika katika shule moja ya mji huo, na katika kukitengeneza akajifunza jinsi ya kuunda vingine. Pikipiki ya kwanza yenye jina lake, iliyotoka mwaka 1955, ilifuata kwa karibu sana umbo la pikipiki moja ya Kijerumani. Ukizitafuta asili za pikipiki za Kijapani utakuta mtu aliyeinama juu ya kitu kibovu, akitaka kujua kwa nini kimekataa kufanya kazi.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba kuigeuza pikipiki ya Kijapani ni kuikosea heshima. Simama katika kituo chochote cha bodaboda hapa kwetu. Utaona kiti kilichorefushwa ili kichukue abiria na mzigo wake, mwamvuli uliofungwa juu, vyuma vilivyoongezwa mbele kulinda miguu ya dereva. Hakuna aliyemwomba mtengenezaji ruhusa. Honda wa mwaka 1946 angelipita hapo angelitambua ndugu zake.

Miaka ikapita upesi. Mwaka 1958 ikatoka Super Cub, pikipiki ndogo ya watu wa kawaida, ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imeundwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 1959 Wajapani walikwenda kushindana katika kisiwa cha Man, baharini baina ya Uingereza na Ayalandi, na watu wakawatazama kama wageni waliopotea njia. Mwaka 1961 Mwingereza Mike Hailwood, akiendesha Honda, alishinda mashindano mawili katika juma moja. Hata hivyo pikipiki kubwa zilibaki mali ya Waingereza na Wamarekani. Ndipo mwezi wa Oktoba 1968, katika maonyesho ya Tokyo, Honda ikaonyesha CB750.

Ilikuwa na silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 736, na nguvu za farasi 67. Mbele ilikuwa na breki ya diski isukumwayo na mafuta, jambo ambalo pikipiki za kuuzwa kwa wingi hazikuwa nalo. Iliwashwa kwa kubonyeza kitufe, ingawa kiki ya mguu haikuondolewa. Kwa Marekani bei yake ilikuwa dola 1,495. Pikipiki nyingi za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na kasha la injini lililogawanyika wima, kama ganda la karanga, na mafuta yalivuja katika maungio. Mwenye pikipiki alizoea kuacha doa sakafuni kila alipoiegesha. Honda ililigawa kasha kwa ulalo, na sakafu zikabaki kavu.

Sasa twafika mahali ambapo historia imeandikwa katika chuma chenyewe. Wenye kampuni hawakuwa na hakika kwamba pikipiki kubwa namna hiyo ingepata wanunuzi. Walikadiria kuuza 1,500 kwa mwaka. Kwa hiyo hawakutumia fedha nyingi kununua mitambo ya kushindilia madini ndani ya kalibu kwa nguvu. Walimimina makasha ya injini kwa njia ya polepole na ya gharama ndogo, nayo yakatoka na ngozi ya kukwaruza. Punde maombi yakawa 1,500 kwa mwezi, kisha 3,000, ikabidi mitambo inunuliwe. Tangu hapo makasha yakawa laini. Zile za awali, zipatazo 7,400, wapenzi wa pikipiki huziita za mchanga, wakidhani zilimiminwa katika mchanga, ingawa kwa kweli kalibu zake zilikuwa za chuma. Ukipitisha kidole juu ya kasha la namna hiyo, unagusa shaka iliyokuwa mioyoni mwa wakuu wa Honda mwaka 1969. Hakuna barua wala kitabu kitakachokuonyesha shaka hiyo wazi kuliko ukwaruzo ule.

Na kijana mwenye msasa na dawa ya kung'arisha, ambaye hakuambiwa na mtu, huweza kuufuta kwa siku moja.

Tuseme basi, msomaji, kwamba umepata pikipiki ya aina hii, imelala bandani miaka 30, nawe wataka kuifufua nyumbani. Usikimbilie kuipiga kiki. Ondoa plagi, tia mafuta mepesi ndani ya kila silinda, uache siku kadhaa, kwa maana pistoni huweza kushikana na kuta zake kwa kutu. Petroli ya zamani iliyobaki ndani ya kabureta zile nne imekwisha kugeuka kama gundi na kuziba vitundu vyembamba kama unywele. Kila kimoja hakina budi kuzibuliwa kwa subira, na baadaye kabureta zote zirekebishwe zivute hewa kwa kipimo kimoja, ama sivyo injini itatetemeka kama mwenye homa. Tangi lenye kutu hujazwa siki siku moja au mbili, likaoshwa kwa maji yenye magadi, likakaushwa vizuri. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto. Mvuke wa petroli haujali ujuzi wa mtu. Tairi na mipira ya breki usivihurumie hata kidogo. Hivyo ni vya kutupwa na kununuliwa vipya, kwani roho ya mtu ina thamani kuliko uasilia wa mpira.

Skrubu zitakufundisha historia nyingine. Vichwa vyake vina alama ya msalaba, lakini msalaba wa kipimo cha Kijapani, usiolingana sawasawa na bisibisi zilizotumika Marekani na Ulaya. Mafundi wa huko walizisokota kwa bisibisi zao, vichwa vikamomonyoka, wakasema chuma cha Wajapani ni laini. Kosa lilikuwa la bisibisi. Ukikuta skrubu zilizoliwa vichwa, jua kwamba pikipiki hiyo ilipita mikononi mwa mtu aliyemlaumu mwingine kwa jambo asilolifahamu.

Lakini je, ukiikuta si kamili? Katika miaka ya 1970, hasa California, vijana wengi walikata viunzi vya CB750, wakarefusha vyuma vishikavyo gurudumu la mbele, wakatupa yale mabomba manne ya moshi na kutia bomba moja. Leo mabomba ya asili ni adimu na bei yake ni kubwa, kwa sababu yalitupwa kwa wingi. Wapo watakaokuambia urudishe kila kitu kama siku ya kwanza. Ukifanya hivyo unaifuta kazi ya kijana wa mwaka 1972, ambaye naye sasa ni mtu wa kale, na mikato yake ina umri wa zaidi ya miaka 50. Kwa nini mhandisi wa Japani awe historia, na kijana wa California awe uharibifu? Nimelifikiri swali hili mara nyingi, wala silioni kuwa jepesi.

Nionavyo mimi, kipimo ni kama jambo laweza kurudishwa au la. Kiti kikibadilishwa, cha zamani huweza kufungwa tena kesho. Usukani vivyo hivyo, na mabomba, na taa. Kiunzi kikikatwa hakirudi, na kasha likisuguliwa halirudi. Honda aliyefunga chupa ya maji ya moto kwenye baiskeli hakupoteza kitu. Injini zile zilikuwa nyingi, na njaa ilikuwa mlangoni. Sisi hatuna udhuru wake.

Kwa hiyo kabla hujafungua nati ya kwanza, piga picha za pande zote, na uandike nambari iliyogongwa kwenye shingo ya kiunzi na ile ya injini. Kila kipuri utakachokiondoa, hata kama kimepinda na kuliwa na kutu, kifunge katika karatasi yenye mafuta, uandike jina lake na tarehe, ukiweke sandukuni mahali pakavu. Siku utakapoiuza pikipiki, mpe mnunuzi na sanduku.