Sabuni ya toilet: neno lililoanzia kwenye kitambaa likaishia chooni

Kabla hujaendelea kusoma, nenda bafuni kachukue karatasi ya sabuni yako ya kuogea. Isome vizuri, hasa yale maandishi madogo ya pembeni. Kuna uwezekano mkubwa utakuta yameandikwa "toilet soap". Ukitoka hapo, angalia chupa yako ya manukato. Nyingi zimeandikwa "eau de toilette", yaani ukilitafsiri neno kwa neno, "maji ya toilet". Unajipulizia shingoni kila asubuhi, unatoka zako kwenda kazini, na hujawahi kuuliza kwa nini.

Mimi nililazimika kuuliza nikiwa na miaka 14. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda shule ya bweni, na fomu ya kujiunga ikaja kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kulikuwa na orodha ya vitu: ndoo, jembe, mashuka mawili, na katikati hapo "toilet soap, 3". Baba aliishia darasa la saba, lakini hakuwa mtu wa kushindwa na orodha. Toilet alijua ni choo. Soap alijua ni sabuni. Basi akaenda dukani akanunua chupa tatu za dawa ya maji ya kusafishia choo, ile ya bluu, ya bei. Siku ya kukaguliwa matroni akainua chupa moja juu, akauliza mbele ya bweni zima kama hii ndiyo nitakayoogea. Walivyocheka sitasahau.

Sikumwambia baba. Tutarudi kwake baadaye.

Sasa twende kwenye neno lenyewe, maana historia yake ni ndefu na kwa sehemu kubwa haina uhusiano wowote na choo. Wafaransa wana neno "toile", kitambaa, ambalo linatokana na neno la Kilatini "tela", kitu kilichofumwa. Ukilipunguza linakuwa "toilette", kitambaa kidogo. Waingereza walilichukua katika karne ya 16, na mwanzoni kwao lilikuwa ni kitambaa cha kufungia nguo. Karne ya 17 lilishahamia kwenye kitambaa kinachotandikwa juu ya meza ya kujipambia, na pia kile kinachowekwa mabegani mtu anapotengenezwa nywele. Ukienda kinyozi leo ukafungwa lile shuka shingoni, basi kwa Kiingereza cha enzi hizo umefungwa toilet.

Kutoka hapo neno likaanza kuhama, na lilihama kwa hatua fupi fupi sana. Kitambaa kiko juu ya meza, basi meza nayo ikaitwa toilet. Juu ya meza kuna kioo, vitana, vichupa vya poda na marashi. Navyo vyote kwa pamoja vikaitwa toilet. Mtu anakaa mbele ya meza ile kujipamba, na kitendo kizima cha kujipamba kikaitwa toilet. Wataalamu wa lugha wanajua mchezo huu: jina la kitu linarukia kile kilicho jirani nacho. Sisi tunao pia. Baraza ni pale nje ya nyumba wanapokaa watu kupiga soga, na Baraza ni la Mawaziri. Hakuna anayedhani Rais anakutana na mawaziri wake kibarazani.

Kwa matajiri wa karne ya 18, "kufanya toilet" halikuwa jambo la siri hata kidogo. Bibi mkubwa alikaa mbele ya kioo huku anasukwa, na wageni wakiingia kuongea naye, kumwombea mtu kazi, kumletea umbeya wa mji. Kama huamini, tafuta mtandaoni picha za William Hogarth ziitwazo Marriage A-la-Mode, alizozichora miaka ya 1743 hadi 1745. Ziko sita, na ya nne inajulikana kama The Toilette. Mke wa bwana mkubwa anatengenezwa nywele, chumba kimejaa wageni, mwimbaji anaimba, mtu anapuliza filimbi. Choo hukioni, wala hakikukusudiwa kuonekana. Sabuni ya toilet na manukato ya toilet yametoka kwenye ulimwengu huo: ni sabuni na maji ya kujipambia. Neno lilipohama, vitu hivi viwili vilibaki nyuma na jina la zamani.

Hata Ufaransa neno lilifika mahali pa kutisha. Mtu aliyehukumiwa kukatwa kichwa kwa gilotini alifanyiwa kwanza "toilette" yake: walimkata nywele za kisogoni na kuondoa kola ya shati ili kisu kisikwame. Neno lilelile la bibi na kioo chake.

Lilifikaje chooni sasa? Kwa mlango wa chumba. Karne ya 19 toilet ilishakuwa pia chumba cha kuvalia na kujisafishia. Nyumba za wenye uwezo, hasa Marekani, zilipoanza kuunganishiwa maji ya bomba, chumba hicho kikawekewa bafu, na pembeni ya bafu kikawekwa kile kiti chenye maji. Mgeni anayetaka kwenda haja hawezi kutaja anachokwenda kufanya, anataja chumba. Kufikia mwisho wa karne ile neno lilishaganda kwenye chumba hicho, na kisha kwenye kiti chenyewe.

Kiti chenyewe kilikuwa na historia yake tofauti. Mwaka 1596, John Harington, mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth I, aliandika kitabu kuhusu choo cha kusukuma kwa maji, na hata jina la kitabu ni mzaha juu ya neno la mtaani la choo la wakati ule. Watu walicheka, wakaendelea na ndoo zao. Mwaka 1775 Alexander Cumming akapata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S. Maji kidogo yanabaki kwenye kile kipindo na kuzuia harufu isirudi juu. Ukiangalia nyuma ya choo cha kukaa nyumbani kwako, au chini ya sinki la jikoni, utaona wazo lilelile bado linafanya kazi. Na mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London ndani ya jengo la Crystal Palace, George Jennings aliweka vyoo vya umma vya kulipia peni moja. Zaidi ya watu 827,000 walilipa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kitu ambacho Kiswahili kinakiita tasfida: kulizunguka jambo kwa neno la adabu. Angalia orodha ya Waingereza. "Lavatory" asili yake ni mahali pa kunawia. "Latrine" inatoka kwenye Kilatini "latrina", kifupisho cha neno la mahali pa kuogea. "Closet" ni kijumba cha faragha. Wamarekani wana "bathroom" hata kama hamna bafu, na "restroom" ambako sijawahi kuona mtu akipumzika. Kila neno lilianza likiwa safi, kama shuka jipya la kufunikia. Likitumika sana, uchafu wa kile lilichofunika unapenya, na linatafutwa jingine. Mwanasaikolojia Steven Pinker aliandika juu ya mzunguko huu mwaka 1994 akaufananisha na mashine ya kukimbilia ya jimu: miguu inakwenda, wewe uko palepale.

Kuna hata matabaka ndani yake. Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross alichapisha makala kuhusu maneno yanayowatofautisha watu wa tabaka la juu Uingereza na wengine. Mwandishi Nancy Mitford akalifanya jambo hilo kuwa gumzo la nchi. Kwa wakubwa hao, kusema "toilet" kulikuwa dalili ya mtu anayejitutumua. Wao walisema "lavatory". Yaani neno ambalo baba yangu alichekewa kwa kutolijua, wenye lugha nao walikuwa wanachekana kwa kulitumia.

Unaweza kusema haya ni mambo ya maneno tu, tuache watu na adabu zao. Mimi nasoma afya ya jamii, na siwezi kuyaona hivyo. London ilipigwa na kipindupindu mwaka 1848 na 1849, wakafa zaidi ya watu 14,000. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja wa Soho walikuwa wanachota kwenye pampu ileile, lakini wakubwa wengi waliendelea kuamini ugonjwa unaletwa na harufu. Vyoo vipya vya kusukuma kwa maji, ambavyo kila mtu alijivunia, vilikuwa vinapeleka kila kitu mto Thames, na sehemu ya maji ya kunywa ya mji ilikuwa inatoka hukohuko. Kiangazi cha mwaka 1858 mto ukanuka mpaka Bunge, lililo ukingoni, likashindwa kufanya kazi. Wakafanya nini kwanza? Wakalowanisha mapazia ya madirishani kwa dawa ya klorini. Kitambaa tena! Ndipo mwaka huohuo sheria ikapita haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mtandao wa mitaro ya chini kwa chini.

Na sisi je? Tuna mashuka yetu. Haja kubwa, haja ndogo, kujisaidia, msalani, maliwato, uani. Msala ninaupenda zaidi. Kwenye kamusi ni mkeka wa kusalia, na kwenye kamusi hiyohiyo ni choo, halafu mtaani ukisema "nimepata msala" maana yake umeingia matatani. Lakini katikati ya haya yote limesimama neno choo, ambalo halijifichi. Ni mahali, na ni kinachotoka. Ukiwa maabara wanapima choo, ukiwa nyumbani unachimba choo.

Uwazi huo nao una shida zake. Nilipokuwa nakusanya data za shahada ya pili, nilimuuliza bibi mmoja kama mjukuu wake anapata choo vizuri. Akanijibu kwa fahari kwamba choo wanacho, kipya, kiko nyuma ya nyumba, twende nikakione. Nikaenda nikakiona, ningefanyaje? Ila tatizo kubwa zaidi nililikuta upande wa tasfida. Mama anakwambia mtoto "ameenda haja mara nyingi". Haja ipi? Ikoje? Kipindupindu kina choo kama maji ya mchele, na mtu anaweza kupoteza maji mwilini akafa ndani ya saa chache. Kama mama anaona aibu kusema kilichotoka kinafananaje, na mhudumu anaona aibu kuuliza, zile saa chache zinaisha wakiwa kwenye adabu.

Ndiyo maana nilifurahi serikali ya Tanzania ilipoanzisha kampeni ya "Nyumba ni Choo" mwaka 2017. Wangeweza kuiita "Nyumba ni Usafi wa Mazingira", na nadhani kwenye kikao fulani kuna mtu alitamani iitwe hivyo. Hata Umoja wa Mataifa, mwaka 2013, kwa pendekezo la Singapore, ulikubali tarehe 19 Novemba iwe Siku ya Choo Duniani, kwa jina hilohilo bila kulizungushia kitambaa.

Sasa baba. Mwaka jana alianguka na bodaboda, akachanika mguu. Nilifika hospitalini jioni nikamkuta amenuna, faili liko juu ya kitanda. Akanionyesha mstari mmoja kwa kidole: "surgical toilet done". Alikuwa amelala na mstari ule tangu asubuhi. Alidhani kidonda chake kimepelekwa, au kimeguswa na kitu cha, chooni, na hakutaka kumuuliza nesi asije akaonekana mshamba. Kumbe madaktari wamelihifadhi neno kwa maana yake ya zamani, ile ya kusafisha na kuweka sawa. Kuosha kidonda na kuondoa nyama iliyoharibika ni surgical toilet. Kumtoa mgonjwa makohozi kifuani ni pulmonary toilet. Hospitali zetu za Afrika Mashariki zinaliandika kila siku.

Nikamwambia, "Baba, maana yake wamekiosha kidonda."

"Basi si wangeandika hivyo?"

Nikakaa pembeni ya kitanda nikamsimulia yote, kitambaa, meza, bibi na kioo, mpaka nikafika kwenye sabuni. Hapo akaniangalia. Kila muhula kwa miaka minne alininunulia chupa tatu za bluu, na mimi kila muhula nilizitoa kwa matroni za kusafishia vyoo vya bweni. Alikuwa hajui mpaka dakika ile.

Akakaa kimya kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mguu kwa maumivu.

"Sasa mwanangu, miaka yote hiyo ulikuwa unaogea nini?"

"Sabuni ya mche, baba. Ileile ya kufulia."