Asili ya "Went"

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo liwataabishalo wanafunzi. Mtoto wa Themi, mjini Arusha, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, aingiapo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Akisema "goed" badala ya "went", wenzake humcheka. Twaona hiyo si haki, maana amefuata kanuni aliyofundishwa.

Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza walisema "eode". "Went" lilikuwa la kitenzi kingine, "wend", yaani kushika njia. Baadaye likachukua mahali pa "eode". Kumbe wenyewe waliazima! Tena "help" lilikuwa na "holp"; watu wakaliacha, wakasema "helped", vile vile kama afanyavyo mtoto wetu, wala leo hawachekwi.

Lakini maneno ya kila siku, kama "came" na "ate", yalishika umbo la kale, kwa kuwa watoto huyasikia mara nyingi kabla ya kujua kanuni yoyote. Hata sisi twasema "nilisoma", lakini "nilikula", si "nilila". Na mgeni ajifunzaye Kiswahili hutuuliza hiyo "ku" imetoka wapi.