Jina, Sheria na Ukoga: Historia Fupi ya Taaluma ya Usafi wa Kinywa

I. Utangulizi

Wachunguzi wa lugha wamezoea kuzipima istilahi za siasa, za dini na za biashara. Ni nadra wao kuzitazama istilahi za kinywa, ingawa kinywa ndicho chombo cha lugha yenyewe. Makala hii yahusu taaluma moja changa ya kinywa: kazi ya mtu ambaye si daktari wa meno, wala si msaidizi wa kumshikia daktari vyombo, bali ni mtaalamu mwenye leseni ya kusafisha meno, kuchunguza ufizi na kuwafundisha watu kutunza vinywa vyao. Taaluma hiyo ilizaliwa katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20.

Tutaifuata historia yake kwa hatua tatu: jinsi ilivyopata jina, jinsi ilivyopata sheria, na elimu ambayo mtahiniwa hana budi kuwa nayo kabla ya kupewa leseni. Nia yetu si kumfundisha msomaji kazi ya meno. Twataka kuonyesha kwamba katika kila hatua jambo lililoamuliwa lilikuwa pia jambo la maneno, na kwamba sisi wenye Kiswahili tuna deni katika jambo hilo hilo.

II. Jina

Alfred Civilion Fones (1869-1938) alikuwa daktari wa meno, mwana wa daktari wa meno. Katika zama zake kazi kubwa ya daktari wa aina hiyo ilikuwa kung'oa, kuziba na kutengeneza meno ya bandia. Mgonjwa alifika maumivu yakiwa yamekwisha kumshinda. Fones alivutiwa na mafundisho ya D. D. Smith wa Philadelphia, aliyeshikilia kwamba meno yakisafishwa na mtaalamu mara kwa mara, kwa ratiba, magonjwa mengi yatazuilika. Alipoijaribu njia hiyo aliona kuwa yafaa, lakini aliona pia kwamba yamla muda mwingi. Basi mnamo 1906 akamfundisha msaidizi wake, Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kuifanya kazi hiyo.

Hapo likazuka swali la jina. Wapo waliopendelea "muuguzi wa meno". Fones alilikataa jina hilo kwa hoja kwamba watu wakisikia habari za muuguzi hufikiri ugonjwa, ilhali kazi aliyoikusudia ilikuwa ya kumhudumia mtu mzima ili asiugue. Akachagua jina lililojengwa juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya afya.

Yafaa tutue hapa kidogo, kwani hoja ya Fones ina nguvu zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha aliyoitumia mwenyewe. Neno la Kiingereza alilolikataa, kwa asili yake, lilihusu kunyonyesha na kulea. Ugonjwa umeliingia baadaye kwa njia ya matumizi. Muuguzi wetu, kinyume chake, atokana na kitenzi kuuguza, na kuuguza kwatokana na kuugua. Ugonjwa umo ndani ya mzizi wa neno, wala hauwezi kutolewa. Mfasiri anayemwita mtaalamu huyu "muuguzi wa meno" amelirudisha, bila kukusudia, jina ambalo mwanzilishi wa taaluma alilikataa.

Tarehe 17 Novemba 1913 Fones alifungua shule ya kwanza ya taaluma hii, katika jengo lililokuwa la kuwekea magari karibu na zahanati yake. Wahadhiri walitoka katika vyuo vikuu mashuhuri vya mashariki ya Marekani. Mwaka uliofuata wanawake 27 walihitimu, na wengi wao wakaajiriwa kusafisha meno ya watoto katika shule za mji wa Bridgeport na kuwafundisha kuyatunza. Mnamo 1916 mihadhara hiyo ilitolewa kuwa kitabu chini ya uhariri wa Fones, na mwaka huo huo shule za aina hiyo zikaanzishwa New York na Boston.

III. Sheria

Jina peke yake halimpi mtu ruhusa ya kutia chuma kinywani mwa mwenziwe. Mnamo 1915 bunge la Connecticut liliirekebisha sheria ya meno ili iitambue kazi hii. Kwa muhtasari, sheria ilimruhusu mtaalamu huyu kuondoa chokaa, uchafu ulioganda na madoa katika sehemu za jino zilizo wazi, na pia mara tu chini ya ukingo wa ufizi. Ikamkataza kufanya kazi nyingine yoyote juu ya meno, au juu ya nyama ya kinywa iliyo na ugonjwa. Mnamo 1917 Irene Newman alipewa leseni ya kwanza.

Msomaji na aitazame sheria hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Mipaka ya kazi nzima yategemea vifungu viwili vya maneno: "chini ya ukingo wa ufizi" na "nyama iliyo na ugonjwa". Ukingo wa ufizi ni mahali panapoonekana. Lakini uchafu uliojificha chini yake hauheshimu maneno ya bunge, bali hushuka kadiri ugonjwa unavyoufungulia njia. Na ufizi unaovuja damu, je, ni nyama yenye ugonjwa? Tujuavyo leo, ndiyo. Basi mtu aliyeruhusiwa kusafisha pale alipaswa kwanza kujua ni wapi ruhusa yake inakoma. Hii ndiyo sababu ya mtihani: leseni humpa mtu mamlaka ya kutenda, na humtaka atambue asilopaswa kulitenda.

Miaka iliyofuata iliipanua mipaka hiyo. Chama cha taifa cha wataalamu hawa kiliundwa katika mji wa Cleveland mnamo 1923. Mtihani wa maandishi wa taifa ulianza kutolewa mnamo 1962, na kando yake ukabaki mtihani wa vitendo. Mnamo 1971 jimbo la Washington likawa la kwanza kuwaruhusu kudunga sindano ya ganzi, na kusafisha mashina ya meno chini ya ufizi kukawa sehemu ya kawaida ya kazi yao. Kila upanuzi ulikuja kwa njia ile ile: maneno ya sheria yalibadilishwa, kisha mafunzo na mtihani vikafuata.

IV. Elimu ya mtahiniwa

Ni mambo gani, basi, anayopaswa kuyajua anayetaka leseni? Katika muundo uliotumiwa kwa miaka mingi, mtihani wa taifa wa Marekani umekuwa na maswali 350: 200 yanahusu masomo yenyewe, na 150 yamejengwa juu ya visa vya wagonjwa, pamoja na picha na rekodi zao. Hatuwezi kuyataja yote. Tutachagua yale yaliyo nguzo.

Jambo la kwanza ni ukoga. Mnamo 1683 Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi, alikwangua uchafu wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akaona vijidudu vikitembea ndani yake. Hata hivyo, miaka mingi ilipita kabla ya kuthibitishwa kwamba utando huo ndio unaoleta ugonjwa wa ufizi. Mnamo 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya watu 12 wenye ufizi mzima walioacha kabisa kupiga mswaki. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walikuwa wamepata uvimbe wa ufizi. Waliporudia kusafisha meno, ufizi ulipona kwa muda wa wiki moja hivi. Tangu hapo mtahiniwa hana budi kuitambua tofauti kubwa: uvimbe wa ufizi peke yake hurudi nyuma na kupona, lakini ugonjwa ukishaula mfupa unaolishika jino, mfupa ule haurudi wenyewe.

Utando huo ukiachwa, madini ya mate huugandisha ukawa jiwe. Juu ya ufizi jiwe hilo huwa na rangi ya manjano hafifu, na huonekana zaidi karibu na matundu ya mate: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa mashavu wa magego ya juu. Chini ya ufizi huwa jeusi au la kahawia, gumu zaidi, tena limeshikamana sana. Mswaki huondoa utando. Jiwe haliondolewi na mswaki, hata mtu apige kwa bidii gani.

Jambo la pili ni kupima. Kati ya jino na ufizi kuna kijifereji ambacho kwa mtu mzima kiafya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Mtaalamu hukipima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama, mahali sita kwa kila jino. Kina cha milimita 4 au zaidi, pamoja na damu au jino kulegea, chamtaka achunguze zaidi, atazame picha ya eksirei, na kumjulisha daktari.

Jambo la tatu ni habari za mwili mzima. Kabla ya kugusa jino, mtaalamu huuliza juu ya moyo, kisukari, shinikizo la damu, uja uzito, dawa na mizio. Hapa elimu imebadilika ndani ya umri wa watu walio hai. Zamani wagonjwa wengi wa moyo walipewa viuavijasumu kabla ya kusafishwa meno. Mnamo 2007 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilipunguza orodha hiyo ikabaki ya wale walio katika hatari kubwa kabisa, mathalani wenye vali za bandia. Aliyekariri jibu la 1990 angeanguka katika mtihani wa 2010.

Jambo la nne ni kinga dhidi ya maambukizi. Mnamo 1986, enzi ya hofu ya UKIMWI, idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilitoa mwongozo wake wa kwanza uliohusu zahanati za meno. Kanuni yake kuu ni kwamba damu na mate ya kila mtu yahesabiwe kuwa yaweza kuambukiza, bila kumchagua mgonjwa kwa sura wala kwa sifa. Glavu, barakoa, na kuchemsha zana kwa mvuke wenye shinikizo katika nyuzi 121 za Selsiasi vikawa mambo yasiyojadiliwa.

Jambo la tano ni floraidi, na hapa historia yatufikia sisi wenyewe. Tangu 1901 Frederick McKay alishangazwa na madoa ya kahawia ya meno ya wakazi wa Colorado Springs. Mnamo 1931 ilibainika kwamba chanzo chake ni floraidi nyingi katika maji. Ikaonekana pia kwamba kiasi kidogo huzuia meno kuoza. Mnamo Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kutia floraidi katika maji yake. Mtahiniwa wa Marekani hufundishwa hasa faida ya kuongeza. Lakini katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Kenya na Tanzania, ardhi yenyewe hutia floraidi kupita kiasi, na meno ya watoto hutoka yakiwa na madoa. Huku swali ni la kupunguza. Atakayetafsiri kitabu cha ng'ambo neno kwa neno atakuwa ametafsiri pia maji yasiyo yetu.

V. Deni la Kiswahili

Kiswahili hakikuja katika uwanja huu mikono mitupu. Kina gego na chonge, kina ufizi, kina pengo. Kina mswaki, neno lililotoka Kiarabu, ambalo kwanza lilikuwa jina la kijiti cha kusugulia meno, nalo likaupokea mswaki wa dukani bila shida yoyote. Lugha iliyokuwa na neno la kijiti hicho haikungoja Bridgeport ili ijue kwamba meno husafishwa.

Aidha Kiswahili kina ukoga. Lakini neno hili moja latumika kwa utando laini na kwa jiwe lililoganda, na hapa ndipo penye madhara. Mgonjwa aambiwapo "una ukoga, piga mswaki", naye ukoga wake umekwisha kuwa jiwe, atapiga mswaki, hataona mabadiliko, na mwishowe ataamini ama kwamba yeye ni mzembe, ama kwamba aliyemshauri hajui kazi. Kwa upande mwingine, mgonjwa aambiwapo "ukoga huondolewa zahanati", naye ana utando tu, ataiacha kazi ambayo mkono wake mwenyewe ungeifanya kila siku. Tofauti iliyo katika mtihani haimo katika neno.

Twapendekeza kwamba ukoga ubaki kuwa jina la utando laini, na kile kilichoganda kiitwe jiwe la meno. Maneno yote mawili yaeleweka na mtu asiyepata kuingia darasani. Kitendo cha mtaalamu na kiitwe kukwangua, kwani kusafisha chafanywa na kila mtu nyumbani. Na mtaalamu mwenyewe aitwe mtaalamu wa usafi wa kinywa, wala si muuguzi.

VI. Hitimisho

Tumeona kwamba taaluma hii iliasisiwa na mtu aliyejali jina, ikawekewa mipaka na vifungu vya maneno, na ikalindwa na mtihani unaowataka watu kutofautisha mambo yanayofanana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinywa hata ukuta haujengeki, kwani mfupa uliokwisha kuliwa haurejei. Nchini Kenya maofisa wa afya ya kinywa katika jamii huzungumza na wagonjwa wengi kwa Kiswahili, ingawa walisomea kazi yao kwa Kiingereza. Kila siku wao hutafsiri papo kwa papo, mbele ya mtu aliyefunua kinywa na asiyeweza kuuliza swali. Kazi hiyo ya kutafsiri si haki waachiwe peke yao. Idara za lugha na walimu wa tiba hawana budi kuketi pamoja, kuanzia na maneno haya mawili, ukoga na jiwe la meno, kisha waendelee na mengine.