Mashairi ya Muyaka na Mageuzi ya Maandishi

Mwaka 1859 Charles Darwin alieleza jinsi viumbe wanavyogeuka: hutofautiana, hurithi tofauti hizo, na mazingira huchagua watakaodumu. Mwaka 1985 Robert Boyd na Peter Richerson wakaonyesha kuwa utamaduni nao waweza kutazamwa hivyo. Je, kanuni hiyo yafaa kueleza safari ya maneno toka kinywani hata kitabuni?

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, alitungia masikio ya watu wa mji wake. Mashairi yake yakakaa vifuani mwa watu, na kila mghani aliweza kugeuza neno. Baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa wazee, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens akayachapisha Johannesburg kwa herufi za Kirumi.

Kila hatua ilikuwa na uchaguzi wake. Yaliyosahauliwa kabla ya kalamu ya Sikujua yalipotea, mazuri pamoja na mabaya. Herufi za Kiarabu zilikuwa zimebeba tenzi tangu karne ya 18. Zilirudi nyuma kwa sababu shule, ofisi na mitambo ya chapa ya wakoloni na misheni ilitumia herufi za Kirumi.

Hapo mfano wa viumbe wapungua, kwani mazingira ya maandishi hutengenezwa na watu. Kilichodumu kisidhaniwe kuwa ndicho kilichokuwa bora. Basi asomaye historia hiyo na autazame pia mkono uliochagua.